Redio Niliyoijua Kutoka Mapokezi

Mtu akisikia nimefanya kazi redioni miaka kumi na miwili, swali lake la kwanza ni lile lile: "Ulikuwa unatangaza kipindi gani?" Sikutangaza kipindi hata kimoja. Nilikaa mapokezi. Meza ya mbao, simu ya mezani, kikapu cha kadi za salamu na kaunta buku la kwaya nne. Kila aliyeleta tangazo nilimwandika humo: tarehe, jina, anataka kusema nini, kalipa kiasi gani, limesomwa saa ngapi.

Redio ilipouzwa, waliokuja kubeba vitu walichukua miksa, maiki, kompyuta, viti, mpaka feni. Kaunta buku zangu nne wakazitupa sakafuni. Nikaziokota nikaenda nazo nyumbani, mume wangu akaniuliza hayo makaratasi ya nini, nikamwambia ya kuwashia mkaa. Sijawashia mkaa hata ukurasa mmoja.

Nyumbani kwetu nilikozaliwa redio ilikuwa moja na stesheni ilikuwa moja, RTD, yaani Radio Tanzania Dar es Salaam. Marehemu baba alikuwa anatuambia kwamba ilianza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, mkoloni akiwa bado yupo, na kwamba jina la Radio Tanzania lilikuja 1965. Ngoma za taarifa ya habari zikilia, hata kijiko hakikugonga sahani. Tangazo la msiba la RTD lilikuwa linamkuta mtu shambani Kilosa akaacha jembe akakimbilia stendi. Hilo la msiba naomba ulishike, maana nitalirudia.

Sheria ya utangazaji ya 1993 ndiyo iliyofungua mlango kwa watu binafsi. Mwaka uliofuata Dar ikapata Radio One na Radio Tumaini, na 1999 ikaja Clouds FM, vijana wakachanganyikiwa. Miaka ya mwanzo ya 2000 redio za FM zilikuwa zinaota kama uyoga. Bosi wetu alikuwa na duka la vipuri mtaa wa Gerezani, Kariakoo. Kila mwezi alikuwa analipia tangazo la duka lake kwenye redio za watu, mpaka siku moja akapiga hesabu akasema hela hii yote naitoa kwa nini, si bora niwe na redio yangu nijitangaze bure. Hiyo ndiyo asili ya redio yetu. Baadaye kwenye sherehe za kutimiza miaka alikuwa anasema aliianzisha "kuelimisha jamii", sisi tunatazamana tu.

Tulikuwa Buguruni Malapa, ghorofa ya pili. Chini kulikuwa na fundi cherehani na baa. Kuta za studio zilibandikwa trei za mayai, mlango ukafunikwa godoro kuukuu, na bado siku za Jumamosi msikilizaji makini aliweza kusikia mtu wa baa anadai chenji yake. Antena ilisimama juu ya paa. Fundi mitambo wetu, kijana mpole asiyekosa bisibisi mfukoni, alinifundisha jambo ambalo bosi hakulielewa mpaka mwisho: mawimbi ya FM yanakwenda mnyoofu, hayapindi kona wala hayapandi kilima. Ukitaka kufika mbali, pandisha mnara, usiongeze kelele. Kwa paa letu tulisikika vizuri Buguruni yenyewe, Vingunguti, Kiwalani, Tabata, Ilala mpaka Kariakoo. Ukivuka Ubungo tulikuwa tunakwaruza, na Tegeta hawakujua kama tupo. Bosi alikuwa anaona aibu. Kwenye karatasi za kuombea matangazo aliandika "Dar es Salaam na mikoa ya jirani".

Kazi yangu ya kwanza, 2005, ilikuwa kadi za salamu. Vijana wa leo hawazijui. Unanunua kadi dukani kwa shilingi mia, unajaza majina ya wale unaowasalimu na mahali walipo, unaandika ujumbe wako, "mapenzi ni kikohozi" au "mgeni njoo mwenyeji apone", unaleta redioni au unampa konda wa daladala ailete. Mtangazaji anasoma. Msalimiaji mzuri anajulikana mtaa mzima, ana jina lake la hewani, na wenzake wanamfuata kama mchezaji wa mpira. Tulikuwa na mama mmoja muuza mihogo Kiwalani aliyeleta kadi sita kila Jumatatu. Siku alipougua na kadi zikakosekana, watu walipiga simu kuuliza. Walioanza kupika zamu ya kumpelekea chakula hawakuwa ndugu zake. Walikuwa wasalimiaji wenzake, na wengine hawakuwahi kuonana naye uso kwa uso.

Watangazaji walikuwa wanadharau kipindi cha salamu. Kilipewa anayejifunza kazi. Wakubwa walitaka muziki na mpira, maana huko ndiko jina linakokua na ndiko bahasha zilikokuwa zinapita, ile CD ya msanii chipukizi yenye noti mbili za elfu kumi ndani ya kava. Simlaumu sana mtu aliyekuwa na miezi mitatu bila mshahara. Ila nilikuwa naona vijana wakipanda ngazi zile na CD zao, wengine wamekuja kwa miguu kutoka Yombo, wanaambiwa "acha tutausikiliza", na mimi nazijua zile ambazo hazikusikilizwa kwa sababu zilikuwa zinawekwa chini ya mguu wa meza yangu isicheze.

Matangazo madogo ndiyo yaliyojaza daftari. Mbuzi kapotea. Cheti cha kuzaliwa kimeokotwa. Kisima fulani maji yametoka. Chumba kinapangishwa, kodi miezi sita, asiyekunywa pombe. Na misiba. Misiba tulitoza elfu tatu kwa kusomwa mara mbili, na mtu asiyekuwa nayo tulimsomea. Nilidhani kuandika tangazo la msiba ni kazi ya dakika mbili. Mwaka 2007 nikafundishwa.

Asubuhi alikuja kijana na karatasi: familia ya mzee fulani wa Vingunguti inasikitika kutangaza kifo, mazishi kesho saa saba mchana, Kisarawe, habari zimfikie fulani wa Mlandizi, fulani wa Tanga. Nikaandika, nikapokea, likasomwa saa nne. Saa sita akaja mwanamama amefunga kanga kiunoni, na wadogo zake wawili. Marehemu ni huyo huyo, mazishi ni kesho hiyo hiyo, ila Chanika. Nikamwambia, mama, tumeshasoma ni Kisarawe. Akanitazama akasema, "Nani kawaambia? Mwenye mume mimi hapa." Kumbe wake wawili, nyumba mbili, na yule kijana wa asubuhi hakutaja hata mtoto mmoja wa upande wa pili. Watoto saba wa marehemu wamesikia msiba wa baba yao redioni, na majina yao hayamo.

Bosi alisema soma yote mawili, wote wamelipa. Mimi nilimwomba yule mama akae, nikamtuma kijana wa chai akamwite mjumbe wa mtaa wao. Mjumbe alikuja na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, wakaketi hapo mapokezi, wakaitwa pia wale wa asubuhi, wakabishana mpaka saa kumi jioni huku kwenye spika ya ukutani kunapigwa taarab. Mwisho wakakubaliana Kisarawe, na tangazo jipya lenye watoto wote kumi na mmoja kwa mpangilio wa kuzaliwa, bila kutaja nani wa mama yupi. Tangu siku ile sikupokea msiba bila namba ya mjumbe, na swali langu la kwanza likawa, "Upande wa pili mmewashirikisha?" Wengine walikasirika. Wengi walinyamaza, wakakunja karatasi, wakasema watarudi.

Sasa niseme habari ya umeme. Mwaka 2006 maji ya bwawa la Mtera yalipungua, mgao ukaingia, mtaa unakaa gizani kutwa. Jenereta letu lilikuwa la mtumba na lilikunywa dizeli kama ng'ombe wa kiangazi. Bosi akaamua: umeme ukikatika na sisi tunazima, hasara ya nini. Kaunta buku la mwaka ule lina wiki mbili karibu tupu. Kisha fundi mitambo akaja na hoja ambayo mpaka leo naiona ndiyo ya maana kuliko zote zilizosemwa kwenye lile jengo. Alisema: umeme ukikatika televisheni zote zinakufa, friji zinakufa, muziki wa baa unakufa, kinachobaki hai mtaani ni redio ya betri. Saa ya giza ndiyo saa ambayo watu wote wanakusikiliza, na ndiyo saa tunayozima. Bosi hakubishana, maana hoja haikuwa na pa kushikia, lakini dizeli hakununua. Iliishia wenye maduka ya Malapa kuchangiana: muuza mafuta akatukopesha dumu la lita ishirini, tunamlipa kwa kumtaja. Tukawa tunarusha kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa nne usiku. Kurasa zikarudi kujaa.

Usiku wa Jumatano ya tarehe 16 Februari 2011 nilikuwa nimechelewa kuondoka kwa sababu ya mahesabu. Tulisikia kishindo cha kwanza tukadhani ni tairi la lori. Cha pili kikatikisa vioo. Mabomu ya ghala la jeshi Gongo la Mboto. Wakazi wa Mbagala yalishawakuta hayo Aprili 2009, kwa hiyo watu hawakusubiri kuelezwa. Baada ya saa moja barabara yote ya Nyerere, wazee bado wanaiita Pugu Rodi, ilikuwa mto wa watu wanakuja mjini kwa miguu: mama na mtoto mgongoni, mzee kwenye toroli, mtu kabeba godoro na hajui kwa nini kabeba godoro. Watu zaidi ya ishirini walikufa usiku ule. Maelfu walilala nje, wengi Uwanja wa Uhuru.

Na watoto walipotea. Kwenye giza na ule msukumano, mkono ukiachia mara moja basi. Simu yetu ilianza kulia na haikunyamaza mpaka asubuhi. Kulikuwa na kipindi cha muziki kilichodhaminiwa usiku ule, mtangazaji akakikata bila kumuuliza mtu. Mimi napokea, naandika, nampasia karatasi chini ya mlango wa godoro. Mtoto wa kike, miaka minne, gauni la njano, hana viatu, yuko kwa mama lishe karibu na Tazara. Mapacha wa kiume, wako kwa muuza maji. Bibi anayetafuta wajukuu watatu, yeye yuko Buguruni Sheli, amekaa chini ya nguzo, haondoki hapo. Redio kubwa nazo zilitangaza, na zilisikika mbali. Lakini aliyeko Vingunguti ameokota mtoto alitupigia sisi, kwa sababu ngazi zetu anazijua, na kama simu haiingii anakuja. Walikuja. Alfajiri mapokezi palikuwa na watoto tisa wamelala kwenye kanga zangu na magazeti ya jana.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa hili sikulisema kwa miaka. Mwanamume alipiga simu kasema yuko na mvulana wa miaka sita, akataja jina, akataja mahali. Kelele zilikuwa nyingi, watu wanalia mezani kwangu, mwingine anapiga simu ya pili. Nikaandika Kiwalani. Alisema Vingunguti. Mama wa yule mtoto alisikia jina la mwanawe hewani, akaenda Kiwalani saa nane za usiku peke yake, akagonga milango mpaka kunakucha. Alipofika kwetu asubuhi miguu imevimba hakunitukana. Alisema tu, "Dada, mlisema Kiwalani." Mtoto alipatikana adhuhuri, mzima, anakula ubwabwa. Lakini ukurasa ule ninao, neno Kiwalani nimelikata kwa mistari miwili na juu yake Vingunguti, na mwandiko unatetemeka. Baada ya usiku ule kila aliyepiga simu nilimrudishia alichosema, neno kwa neno, naye aniitikie ndiyo, ndipo niweke kalamu chini. Mtangazaji mmoja alikuwa ananitania kwamba nafungisha ndoa.

Ungedhani baada ya hapo bosi angeelewa ana kitu gani mikononi. Kwa wiki tatu alielewa. Alipita Gerezani akipongezwa. Desemba mwaka huo huo mafuriko yalipopiga Jangwani na mabondeni, tulifanya tena vile vile, usiku na mchana. Lakini pongezi haiingizwi benki, na hapa sina budi kumtetea kidogo, kwa sababu hesabu za redio ndogo mimi niliziona kwa macho.

Kampuni kubwa, ya simu au ya bia, haiji kwako. Inapitia wakala wa matangazo, na wakala anakata chake. Tangazo linarushwa leo, ankara inalipwa baada ya siku 90 ikiwa una bahati. Lakini VAT, asilimia 18, unadaiwa kwa ankara uliyoiandika, mteja kalipa au hajalipa. Kodi ya pango haijui siku 90. Leseni na ada za masafa za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, hazijui. Wateja wa kati wanalipa kwa mali: nimewahi kupokea mshahara wa Mei kwa nusu fedha, nusu saruji mifuko minne, na ndiyo iliyojenga choo chetu, sikatai. Pesa taslimu ya kila siku, ile inayonunua vocha na dizeli, ilikuwa inatoka kwenye kaunta buku langu. Elfu tatu ya msiba, elfu mbili ya mbuzi, elfu tano ya chumba. Niliwahi kuyajumlisha matangazo ya mwezi mmoja wa 2012, na yalizidi tangazo kubwa tulilokuwa tunaringia. Nikampelekea bosi karatasi. Akaisoma, akasema, "Haya mambo ya mbuzi mbuzi ndiyo yanafanya tuonekane redio ya uswahilini."

Basi 2013 akaletwa mshauri. Kijana msafi, ana kompyuta ya mapajani. Alisema wasikilizaji wetu hawana thamani sokoni, tutafute vijana wenye kipato. Salamu zikahamia kwenye ujumbe mfupi wa simu, kwenda namba maalumu, kampuni ya simu inachukua sehemu kubwa na sisi tunabaki na makombo. Mama wa mihogo alijaribu mara mbili, akaniambia hela imekatwa na jina lake halijasomwa. Misiba ikaondolewa kabisa, "inaharibu hali ya kipindi". Watangazaji wakaanza kuongea kwa lafudhi ambayo sijui walizaliwa nayo wapi. Tukawa tunapiga nyimbo zile zile, kwa mpangilio ule ule, na vichekesho vile vile vya redio za Mikocheni, ila wao wana mnara mrefu na sisi tuna paa. Sasa mtu wa Vingunguti atusikilize sisi kwa sababu gani?

Mtangazaji wetu bora, aliyekuwa anasoma salamu mpaka unamwona anayesalimiwa, aliishia darasa la saba. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 na kanuni zake zilipokuja kudai stashahada, wengine wenye umri wake walikwenda vyuoni. Yeye alinunua bajaji. Nikiipanda ananisomea salamu njia nzima, na nauli hapokei, ila mafuta namlazimisha.

Mwaka 2017 redio ikapata wenye hisa wapya, wakahama Buguruni, wakabadilisha jina. Sina kinyongo nao, sikuwahi hata kuonana nao. Antena iliteremshwa siku ya Alhamisi, fundi mitambo mwenyewe akiifungua skrubu moja moja kwa ile bisibisi yake, hataki kusaidiwa.

Mimi niliomba mwenye nyumba anipangishe chumba cha chini, alipokuwa fundi cherehani. Nimeweka mashine ya kutoa kopi, napiga picha za pasipoti, nauza madaftari na bahasha. Bango langu linasema "Stationery" na hakuna anayelisoma. Wiki iliyopita mvua ikinyesha aliingia mzee, kofia mkononi, akasimama mlangoni anatiririka maji. Shikamoo, marahaba.

"Hapa ndipo redioni?"

Nikamwambia, baba, redio ilihama siku nyingi, sasa haipo tena hapa. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa jambo analolijua.

"Najua. Nina msiba. Andika tu."

Nikavuta kiti nikampa. Nikafungua daftari jipya, nikaandika tarehe. Siku hizi tangazo naliandika vizuri, nalipiga picha, nalituma kwenye makundi ya simu ya mitaa mitano, na saa mbili baadaye yule wa bajaji analisoma kwa spika yake kuanzia Malapa mpaka kwa Mnyamani. Elfu tatu bado ni elfu tatu. Mzee akaanza kutaja majina ya wafiwa, polepole, akihesabu kwa vidole, na alipofika kwenye kidole cha nne akanyamaza, nikaweka kalamu chini nikamuuliza.

"Upande wa pili mmewashirikisha?"

Akavaa kofia. Akasema atarudi baada ya Alasiri.